BIBI AKISEMA SAFARI IMEKARIBIA, USIMWAMBIE "ACHA UCHURO"

Juma lililopita tuliwachambua akina kaka wanaoazima viatu vya kwendea kwa mchumba, na wenyewe wamenijia juu kweli kweli. Viatu hivyo leo tuviache mlangoni, tuingie ndani tukae chini. Najua wengi wenu safu hii mnaisoma kwenye daladala au saluni mkisubiri zamu, na habari za makaburi hamzitaki hata kidogo. Vumilieni. Hii inamhusu bibi yako.

Nimepata barua ya dada mmoja wa Geita mjini. Jina kaomba nilifiche. Ana kibanda chake cha M-Pesa na mambo si mabaya sana, mboga inapatikana. Aliyemlea ni bibi mzaa mama, anayeishi Nkome, ile kata ya kando ya Ziwa Victoria ambako watalii hupanda boti kwenda kisiwa cha Rubondo. Wenyeji hawana muda na watalii. Wao wana mwalo wao, dagaa wao, sangara wao, na wana vijana ambao wakishapata nguvu tu wanachagua moja kati ya mawili, ziwani au kwenye maduara ya dhahabu. Nyumbani wanabaki wazee na watoto.

Bibi huyo hajui mwaka aliozaliwa. Anachojua ni kwamba vita ya Hitla ilipokwisha alikuwa tayari anachunga ndama, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe, themanini kaiacha nyuma. Amezika mume. Amezika mtoto wa kiume aliyekufa maji akivua. Amezika binti yake, ndiye mama wa huyu dada, mwishoni mwa miaka ya 1990, ukimwi ulipokuwa unakomba nyumba nzima nzima na watu wanaogopa hata kuutaja jina. Wajukuu wanne kawalea kwa mihogo na dagaa, na wote wamemaliza shule ya msingi. Huyo ndiye mtu tunayemzungumza hapa, msije mkadhani ni kikongwe wa kwenye hadithi.

Sasa bibi ana jambo lake moja. Kila mjukuu akienda kumsalimia, hata chai haijachemka, anavuta sanduku la bati toka uvunguni. Ndani mna doti mbili za kanga, shuka jeupe ambalo halijawahi kuona maji, na daftari la chama cha kufa na kuzikana. "Hizi ni za safari yangu," anasema. Anaonyesha na mahali pa kaburi, pembeni ya mwembe, ubavuni mwa binti yake. Akipewa pesa ya sukari anashukuru, halafu anauliza: ya chama umelipa? Na jioni anakaa nje peke yake anamsimulia marehemu mumewe habari za siku, nani kapita, nani kaoa, bei ya dagaa imefika wapi.

Dada anaandika hivi: "Mimi nilikuwa namwambia, bibi acha uchuro, wewe utaishi sana. Safari hii nimekuta ameacha kusema. Hata sanduku hakulitoa. Anakaa tu."

Barua ingeishia hapo ningeijibu kwa aya mbili. Haikuishia hapo. Mwezi uliopita mtoto wa jirani alifariki kwa homa. Pale msibani mtu mmoja akakumbuka kwamba bibi, siku moja akitoka kanisani, alisema mwaka huu tutazika. Jamani, alikuwa anajisema yeye mwenyewe! Lakini tangu siku hiyo watoto waliokuwa wakimchotea maji hawaonekani, na salamu za njiani zimekuwa za kutupiwa kwa mbali. Dada anauliza mambo matatu. Je, bibi amechanganyikiwa? Je, nimlete mjini? Na shoga yangu ananishauri nimpeleke kwa mtaalamu mmoja "akaangaliwe", unasemaje?

Naanza na la tatu maana hilo halingoji. Usimpeleke.

Dada, wewe ni mtoto wa huko na unajua kwa nini nasema hivyo. Katika ukanda huu wa Usukumani, kuanzia Shinyanga hadi Geita, vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu tu. Macho yenyewe ni moshi! Mwanamke aliyepikia kuni, na kuni zikikosekana akapikia samadi kavu ya ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na dirisha, kwa miaka sitini, ulitaka awe na macho ya rangi gani? Kule Magu, mkoani Mwanza, shirika la MAPERECE lilipoingia kwenye kazi ya kuwalinda wazee, moja ya mambo waliyoyafanya ni kueneza majiko yasiyotoa moshi mwingi. Yaani unamkinga bibi na panga kwa kumjengea jiko. Kila nikifikiria jambo hilo nashindwa nicheke au nilie.

Na si mambo yaliyoanza jana. Mwaka 1976 serikali iliendesha msako katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga juu ya mauaji yaliyohusishwa na uchawi. Geita wakati ule ilikuwa ndani ya Mwanza, maana mkoa wa Geita umezaliwa mwaka 2012. Katika msako huo baadhi ya waliokamatwa wakafia mikononi mwa waliowakamata. Waziri wa Mambo ya Ndani hakumpiga mtu hata kofi, lakini mwaka 1977 alijiuzulu, akasema dhamana ni yake. Waziri huyo alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Mshikeni huyo mzee, nitarudi kwake.

Watu wengi wanadhani Sheria ya Uchawi, ambayo ipo tangu mwaka 1928, inawahusu wachawi peke yao. Inawahusu na wanaowataja wenzao. Kumnyooshea mtu kidole mtaani kwamba ni mchawi ni kosa. Na Januari 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Sasa huyo "mtaalamu" wa shoga yako, hebu jiulize, atakuambia nini? Atakuambia bibi amezeeka? Hakuna anayelipa pesa kuambiwa kitu hicho. Atataja sababu, atataja na jina. Na hata asipotaja, ukishamtoa bibi nyumbani kumpeleka huko, Nkome nzima itajua kwamba mpaka mjukuu wake ana mashaka naye. Hapo utakuwa umewapa kibali.

Badala yake panda gari Jumamosi hii. Nunua sukari na unga, mshike bibi mkono, mwende wawili kwa mama aliyefiwa mkampe pole. Mchana kweupe, watu wakiona. Bibi aseme pole yake kwa mdomo wake, maana na yeye amezika watoto na anajua la kumwambia mama mwenzake kuliko wewe na mimi. Halafu mwone mwenyekiti wa kitongoji na wazee wa kanisa, wajue maneno yanayopita. Ukisikia tishio lenyewe hasa, polisi, na hapo hakuna cha kuoneana haya.

Haya, turudi kwenye swali la kwanza. Bibi amechanganyikiwa?

Mimi saikolojia sijasomea, kidato cha nne changu mnakijua. Lakini kusoma nasoma. Kuna daktari mmoja wa akili wa Marekani, Robert Butler, ambaye naye alilelewa na babu na bibi yake, kwenye shamba la kuku huko New Jersey. Alipokuwa mdogo wa miaka saba babu akafariki, bibi akaendelea naye mwenyewe. Sijui kama ndiyo maana aliwaelewa wazee, mimi nadhani ndiyo. Wakati ule madaktari wenzake walikuwa wakiona mzee anarudiarudia habari za zamani wanasema akili imechoka. Mwaka 1963 Butler akaandika kwamba hapana, ile ni kazi. Mtu akiona mwisho umekaribia anaanza kuyapitia maisha yake upya, kama mwenye duka anayefunga hesabu za mwaka. Deni lipi halijalipwa, nani nilimkosea, nani alinikosea, nani atanikumbuka. Hesabu ikikaa sawa, anatulia. Isipokaa sawa, anahangaika usiku.

Sasa mwangalie bibi wa Nkome. Kanga zipo, shuka lipo, kaburi lina mahali, chama kinalipwa. Hiyo ni akili iliyochanganyikiwa? Mimi naona huyo bibi ana mpango kuliko wengi wetu ambao hata kodi ya mwezi ujao hatujui itatoka wapi.

Na hayo ya kuongea na marehemu mumewe? Mwaka 1971 daktari mmoja wa Wales, Dewi Rees, alichapisha matokeo ya kuwahoji watu 293 waliofiwa na wake au waume zao. Karibu nusu walisema wamewahi kuhisi marehemu yupo nao, wapo waliomwona, waliomsikia, na waliozungumza naye. Wengi wao hawakuwahi kumwambia mtu, wakiogopa kuchekwa. Hao ni Wazungu wa milimani huko, hawajui Nkome wala Geita. Kwetu sisi wazee hawakuona hata haja ya kulifanya jambo hilo siri. Aliyetangulia alitajwa kwa jina na kupewa habari za nyumbani, maisha yakaendelea. Mwache bibi amwambie mzee wake bei ya dagaa.

Kinachonitisha mimi ni huo ukimya. Bibi alipokuwa anaongea kuhusu kifo alikuwa mzima. Tangu aliponyamaza ndipo pa kuangalia. Sonona si sehemu ya kawaida ya uzee, yaani mtu hazeeki akawa na huzuni isiyokwisha kama anavyoota mvi. Kwa hiyo ukifika huko chunguza. Anakula? Analala, au usiku mzima anageuka geuka? Kanisani bado anakwenda? Anacheka watoto wakifanya vituko? Anayesema "nikifa nizikeni hapa" ana nafuu. Anayesema "bora nife tu, nawachosha" huyo mwahishe hospitali, na kama hapo karibu hawana mtu wa kumsaidia, Bugando kule Mwanza wapo wanaotibu maradhi ya akili. Msiogope neno hilo. Na mwuliza kama kuna kitu kinamuuma mwilini, maana kuna wazee wanaonyamaza kwa sababu ya jino au kiuno, na sisi tunaleta falsafa.

Lakini kwa huyu bibi mimi natia shaka kwenye maneno mawili tu, dada, na umeyaandika mwenyewe. Acha uchuro. Usinichukie, wote tunayasema. Mzee akitaja kifo sisi vijana wa mjini tunaruka kama tumemwagiwa uji. "Aa babu, bado upo sana!" Tunajidai tunamfariji yeye, kumbe tunajifariji wenyewe. Yeye anabaki na mzigo wake, na zaidi ya hapo amejua kwamba hakuna wa kumsaidia kuutua. Kwa bibi wa Nkome mambo ni mabaya zaidi, maana nyumbani kazibwa mdomo, na nje neno lake moja limegeuzwa kesi. Atasemea wapi?

Mtasema, si kuna kanisa? Ndiyo, na namshukuru Mungu lipo. Imani inamsaidia mzee sana, hilo nimeliona kwa Wakristo na kwa Waislamu. Muislamu akishaandika wasia wake na sanda ikiwa kabatini, unamwona anavyokaa kitako. Mkatoliki ana mpako wa wagonjwa, ambao tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa miaka ya 1962 hadi 1965 si wa kungojewa mpaka pumzi ya mwisho, mzee dhaifu anaupokea akiwa na akili zake na kuitikia mwenyewe. Hayo yote yanampa mtu njia ya kutaja mauti bila kuona haya. Ila kuna wahubiri siku hizi, sitawataja, ambao wakimwona bibi wa miaka 85 wanamwekea mkono kichwani na kupiga kelele kwamba hatakufa, anaongezewa miaka ishirini. Hiyo ni ile ile "acha uchuro", tofauti ni kwamba hii ina spika. Na wapo wengine wanaomtisha kwa moto, mzee aliyekwisha kuzika watoto wawili! Tafuta mzee wa kanisa mmoja mpole, asiye na haraka, amtembelee bibi nyumbani. Asije na mahubiri. Aje na masikio.

Nilisema nitarudi kwa Mzee Mwinyi. Baada ya kujiuzulu wengi walidhani kaishia hapo, kumbe mwaka 1985 akawa Rais. Lakini ninachotaka kusema ni cha uzeeni. Tarehe 8 Mei 2021, siku aliyotimiza miaka 96, ulizinduliwa mjini Dar es Salaam mkusanyiko wa kumbukumbu zake, kitabu kiitwacho Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu. Rais Samia alikuwepo, wakubwa wote walikuwepo na suti zao. Mtoto aliyezaliwa Kivure kule Mkuranga na kukulia Unguja, akiwa kizee kabisa, amekaa anaipitia safari yake toka mwanzo hadi mwisho, na taifa zima limenyamaza linamsikiliza. Alifariki Februari 29, 2024 akiwa na miaka 98, wakamlaza Mangapwani. Hakuna aliyemwambia aache uchuro siku ile ya kitabu. Tulipiga makofi.

Bibi wa Nkome hana kitabu wala ukumbi. Ana sanduku la bati. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wazee wa miaka 60 na kuendelea zaidi ya milioni 3 nchini, na nina hakika masanduku ya namna hiyo yapo mengi uvunguni, tena mengine yana mambo mazito kuliko kanga.

Kuna mzee mwingine nataka mmjue kabla sijamaliza, maana kisa chake kinanikaa kooni. Mwaka 1965, Chicago, daktari Elisabeth Kübler-Ross alitaka wanafunzi wake wazungumze na mgonjwa aliye karibu kufa, wajifunze. Akazunguka hospitali kubwa akiuliza, madaktari wakamwambia hapa hakuna anayekufa. Hospitali! Mwishowe akampata mzee mmoja. Mzee akafurahi, akamtaka aketi pale pale waongee. Daktari akamwambia nitakuja kesho na wanafunzi. Kesho yake walipofika mzee alikuwa hana nguvu tena, maneno machache tu yalimtoka, na haikupita saa moja akakata roho. Mama huyo alikisimulia kisa hicho mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1969.

Ndiyo maana nimesema Jumamosi hii, sijasema Krismasi.

Ukifika, dada, usianze na hotuba. Msaidie kazi, mwoshe miguu kama mlivyozoea, ngojeni jioni. Halafu wewe ndiye uvute sanduku. Toa kanga moja moja, umwulize ipi ya chini ipi ya juu. Mwulize kuhusu mwembe, nani aliupanda. Mwulize kuhusu mama yako, mambo ambayo hukuwahi kuuliza kwa sababu ulikuwa mdogo na baadaye ukaogopa. Simu yako ina kinasa sauti, mwombe ruhusa umrekodi. Akilia mwache alie, usikimbilie kumfuta machozi kama vile ni maji yaliyomwagika mezani. Akitaja mtu aliyegombana naye, andika jina, kesho yake mfuate huyo mtu kama bado yupo.

Na swali la kumleta mjini, hilo mwulize mwenyewe. Kama maneno ya jirani yamezidi na usalama wake una mashaka, mchukue siku hiyo hiyo, usingoje mjadala. Lakini mwambie kabla hajapanda gari, mbele ya wajomba, kwamba lolote likitokea atarudishwa Nkome pale pale kwenye mwembe. Wazee wengi wanaokataa kuja kwetu hawachukii vyumba vyetu, ingawa navyo ni vidogo. Wanaogopa kufia ugenini na kuzikwa na watu wasiojua majina yao. Mtu anayeishi ufukweni anaijua hofu hiyo vizuri. MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996 wapo waliozikwa pale Igoma, Mwanza, na wapo ambao ziwa halikuwarudisha, na kwao kuna mama ambaye hana hata mahali pa kupalilia. Mwanawe bibi alikufa maji, umesahau? Kaburi kwake si mchezo.

Kama hali ni shwari, mwache kwake, na mpate msichana wa ukoo akae naye, achote maji mpaka watoto wa jirani warudi. Watarudi, hasa mama yao akishapewa ile pole.

Na ile ya chama, lipa leo kabla hujafunga kibanda. Simu unayo, pesa zinapita mkononi kwako kutwa nzima, na bibi atakuuliza.